Mimba Hutunga Lini? Wiki Nne za Kwanza za Kiinitete cha Binadamu na Maneno Yanayozieleza

Utangulizi

Kitenzi kutunga kina kazi nyingi katika Kiswahili. Mshairi hutunga shairi, msichana hutunga shanga uzini, mwalimu hutunga mtihani, jipu hutunga usaha na mwanamke hutunga mimba. Katika matumizi yote haya mna wazo moja: vitu vilivyokuwa mbalimbali huletwa pamoja, kimoja baada ya kingine, hadi kikapatikana kitu kizima. Ni kitenzi kinachodai muda. Hakuna anayetunga shanga kwa pigo moja.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku na hata katika maandishi rasmi, kutunga mimba huchukuliwa kuwa tukio la nukta moja. Kwa kweli neno hili hubeba matukio matatu tofauti: yai kuungana na mbegu ya kiume, kiinitete kujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba, na mama kutambua kwamba ni mjamzito. Kati ya tukio la kwanza na la tatu huweza kupita majuma manne au zaidi, na ni katika majuma hayo ambapo moyo huanza kupiga na msingi wa ubongo hufungwa. Makala haya yanazifuata siku hizo hatua kwa hatua, huku yakichunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kila hatua, na gharama inayotokea pale maneno hayo yanapochanganywa.

Ifahamike mapema kwamba kuna kalenda mbili za ujauzito. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kwa hesabu hiyo mimba hukaa wiki 40, yaani siku 280. Wataalamu wa viinitete huhesabu kuanzia yai na mbegu vilipoungana, nao hupata wiki 38, yaani siku 266. Tofauti ni wiki mbili, wiki ambazo mwanamke huhesabiwa kuwa mjamzito ilhali hana mimba yoyote. Siku zinazotajwa katika makala haya ni za kalenda ya pili, isipokuwa panapoelezwa vinginevyo.

Safari ya mrijani

Yai la binadamu lina kipenyo cha takriban milimita 0.1. Ingawa ni dogo kiasi hicho, ndilo seli kubwa kuliko nyingine zote mwilini. Likishatoka katika ovari huishi kwa muda usiozidi siku moja. Mbegu ya kiume, kwa upande wake, huweza kustahimili ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke hadi siku tano. Kwa hivyo, tendo la ndoa na utungisho si lazima viwe vya siku moja. Tendo la Jumatatu linaweza kuzaa utungisho wa Ijumaa. Utungisho, istilahi ambayo wanabiolojia hutumia kwa muungano wa yai na mbegu, hutokea katika sehemu pana ya mrija wa uzazi iliyo karibu na ovari. Wengi hudhani kwamba hutokea ndani ya mji wa mimba. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwani litarejelewa.

Kati ya mamilioni ya mbegu zinazoanza safari, ni mamia machache tu yanayofika karibu na yai, na ni moja inayoingia. Mara tu inapoingia, ganda angavu linalolizunguka yai hubadilika na kuzifungia mlango mbegu nyingine. Kromosomu 23 za mama hukutana na 23 za baba, zikawa 46. Yai daima hubeba kromosomu ya X; mbegu hubeba ama X ama Y, na hiyo ndiyo inayoamua jinsia. Ni jambo linalostahili kurudiwa mara nyingi iwezekanavyo katika jamii ambamo mke bado hulaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu.

Seli hiyo moja, zaigoti, hugawanyika kuwa mbili baada ya siku moja hivi, zikawa nne siku ya pili na takriban nane siku ya tatu. Mgawanyiko huu ni wa ajabu kwa kuwa hauleti ukuaji: zaigoti haiongezeki ukubwa, bali seli zake huzidi kuwa ndogo ndani ya ganda lile lile. Aidha, migawanyiko ya mwanzo huendeshwa kwa akiba ambayo mama aliifungasha ndani ya yai. Jeni za kiinitete chenyewe huamka kwa kishindo zinapofika seli nne hadi nane.

Siku ya nne seli huwa 16 au zaidi, zimesongamana kama tunda lenye vijipuli vingi. Wazungu walilifananisha na tunda la mforosadi na kuliita kwa jina la Kilatini, morula. Waandishi wengi wa Kiswahili hukopa jina hilo hilo, ingawa Kiswahili kinalijua tunda lenyewe kwa jina la forosadi. Hatua ya forosadi ingeeleweka na mkulima na daktari pia, wala isingepoteza chochote cha sayansi. Neno kiinitete lenyewe lilipatikana kwa njia kama hiyo: kiini, na tete, kitu kilicho kichanga na laini. Hutumika kwa mbegu ya mmea na kwa binadamu pia.

Kutunga na kushika

Yapata siku ya tano, forosadi huwa imeingia katika mji wa mimba na kujaa maji ndani. Sasa huitwa blastosisti. Seli zake zimegawana kazi kwa mara ya kwanza: zilizo nje, ambazo ndizo nyingi, zitajenga sehemu ya kondo la nyuma, zilizo ndani, kundi dogo lililobanwa upande mmoja, ndizo zitakazokuwa mtoto. Mwili hujenga nyumba kabla ya mwenyeji. Blastosisti hutoka katika ganda lake, na kati ya siku ya sita na ya kumi hivi hujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba na kuanza kujizika humo. Kufikia siku ya 12 huwa imefunikwa kabisa.

Hapa ndipo utata wa kitenzi kutunga unapojitokeza waziwazi. Wauguzi na wananchi kwa jumla husema mimba imetunga nje ya mji wa mimba wanapozungumzia kiinitete kilichojishikiza mahali pasipofaa. Zaidi ya asilimia 90 ya mimba hizo huwa katika mrija wa uzazi, na mrija ukipasuka mama huvuja damu ndani kwa ndani na anaweza kufa asipofanyiwa upasuaji haraka. Lakini kama kutunga kungekuwa na maana ya utungisho peke yake, basi kila mimba ya kawaida ingekuwa imetunga nje ya mji wa mimba, kwani ni mrijani ambamo yai na mbegu hukutana. Ni dhahiri kwamba katika kauli hii wasemaji wanamaanisha kujishikiza, si kuungana.

Kiswahili kinacho kitenzi kingine kilichokaa kando kikingoja kazi. Watu husema mwanamke ameshika mimba, au mimba imeshika, na kinyume chake, mimba haikushika. Iwapo kutunga kungeachiwa muungano wa yai na mbegu, na kushika kukaachiwa kujishikiza kwa kiinitete, tofauti ambayo wanasayansi huitafutia maneno marefu ingepatikana kwa maneno mawili ambayo kila mtu anayajua.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Kiinitete kikishashika, seli zake za nje hutoa homoni ijulikanayo kwa kifupi kama hCG. Homoni hii huiamuru tezi ya manjano iliyobaki katika ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije. Kipimo cha mkojo kinachouzwa katika maduka ya dawa huitafuta homoni hii hii; kwa hivyo hakiwezi kuonyesha chochote kabla mimba haijashika. Mwaka wa 1988 Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo walipima mkojo wa wanawake 221 waliotaka kupata mimba. Kati ya mimba 198 walizozigundua kwa homoni hiyo, asilimia 31 ziliharibika, na asilimia 22 ziliharibika kabla hazijatambuliwa kwa njia za kawaida. Wanawake wa kundi hili la pili wangeona tu hedhi iliyokuja, pengine kwa kuchelewa kidogo. Mimba zilizotunga zisishike hazikuhesabiwa kamwe, kwa kuwa hazina homoni ya kuzitangaza.

Nchini Kenya swali la kutunga limeingia hata katika sheria kuu. Kifungu cha 26(2) cha Katiba iliyozinduliwa mwaka wa 2010 kinaweka mwanzo wa uhai wa mtu katika kutungwa kwa mimba. Katiba haifafanui kama kunakusudiwa utungisho wa siku ya kwanza au kushika kwa juma la pili, na neno la Kiingereza lililotumiwa limekuwa na mgogoro uo huo miongoni mwa wanasheria na madaktari wa nchi nyingi. Si kazi ya mwanaisimu kuwaamulia. Ni kazi yake, hata hivyo, kuonyesha kwamba watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya kutungwa kwa mimba huku kila mmoja akizungumzia siku yake.

Tabaka tatu

Katika juma la pili seli za ndani hujipanga kuwa kisahani chapa chenye matabaka mawili. Juu yake hufanyika mfuko wa maji, na chini yake kifuko cha kiini, ambacho kwa binadamu hakina chakula cha kutosha kama cha yai la kuku, lakini ndicho chanzo cha seli za kwanza za damu.

Karibu na siku ya 15 mstari mwembamba hutokea katika kisahani hicho. Mstari huo unaweza kuitwa mfuo wa mwanzo. Kabla yake kiinitete hakina kichwa wala mkia, kulia wala kushoto. Baada yake pande zote zinajulikana. Seli za juu husogea hadi mfuoni, zikazama na kusambaa chini, na kisahani cha matabaka mawili kikawa na matabaka matatu. Tabaka la nje litaleta ngozi ya juu, nywele na kucha, pamoja na ubongo na neva zote. La kati litaleta mifupa, misuli, moyo, mishipa ya damu na figo. La ndani litaleta utando wa ndani wa utumbo na wa mapafu, ini na kongosho. Anayedhani kwamba ubongo ni ndugu wa moyo atashangaa kuukuta ukiwa ndugu wa ukucha.

Mfuo huu ndio pia mpaka wa pacha wa kufanana. Hufafanuliwa kwamba kiinitete kikigawanyika mapema, katika siku tatu za kwanza, kila pacha hupata kondo lake. Kikigawanyika baadaye hushiriki kondo moja, na kikichelewa zaidi hushiriki hata mfuko wa maji. Mgawanyiko unaoanza baada ya siku ya 13 hivi huwa hauna nafasi ya kukamilika, na hapo huzaliwa pacha walioshikana, kama wale wasichana wawili ambao madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliwatenganisha mwezi wa Novemba 2016. Ni kwa sababu ya mpaka huo ambapo kamati ya Mary Warnock nchini Uingereza, katika ripoti yake ya 1984, ilipendekeza kwamba kiinitete kisitunzwe katika maabara kwa utafiti zaidi ya siku 14. Pendekezo hilo likawa sheria ya nchi hiyo mwaka wa 1990 na kuigwa kwingineko.

Juma la nne

Juma hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Katikati ya tabaka la nje hutokea bamba la neva. Kingo zake mbili huinuka, zikaelekeana na kugusana kama kingo za jani linalokunjwa kuwa bomba. Kufungwa huanza katika sehemu itakayokuwa shingo, kisha huendelea kama zipu inayovutwa pande mbili, kwenda kichwani na kwenda kiunoni. Tundu la kichwani huziba karibu na siku ya 25, na la chini karibu na siku ya 28. Bomba hilo, mrija wa neva, ndilo ubongo na ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Kandokando yake seli za tabaka la kati hujikata kuwa pingili kama za muwa, jozi baada ya jozi; humo hutoka mifupa ya mgongo, ambayo Kiswahili tayari huiita pingili. Moyo, ambao bado ni mrija uliojipinda, huanza kupiga karibu na siku ya 22. Wakati wote huu kiinitete kizima ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Mrija wa neva usipoziba chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi; miguu yake huweza kupooza, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Usipoziba juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haipatikani, na mtoto hufa kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Wako akina mama walioambiwa kwamba wamelaaniwa, au wamerogwa, au walitazama kitu kibaya wakiwa na mimba ya miezi sita. Kufikia miezi sita mrija huo ulikuwa umefungwa, au umekosa kufungwa, tangu miezi mingi.

Hapa ndipo kalenda mbili zinapogongana. Siku ya 28 ya kiinitete ni mwisho wa wiki ya sita ya kliniki. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, hedhi imechelewa kwa wiki mbili tu. Wengi huwa bado wanangoja. Mwenye mzunguko usiotabirika hana hata la kungojea. Kliniki ya kwanza kwa wanawake wengi wa Kenya huja baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Mwaka wa 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa miongoni mwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hii: waliomeza asidi ya foliki tangu kabla ya mimba walipunguza hatari ya kupata mwingine kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani hushauri miligramu 0.4 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12, na kipimo kikubwa zaidi, kwa agizo la daktari, kwa aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo. Tangu 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa katika pakiti kuongeza asidi ya foliki. Mahindi yanayopelekwa kwa debe katika mashine ya kusaga kijijini hayaongezewi kitu, na ndiyo chakula cha familia nyingi za mashambani.

Tangazo la redio linalomhimiza mwanamke ameze vidonge vya foliki mwanzoni mwa ujauzito, kwa hivyo, lina Kiswahili sanifu na ushauri uliochelewa. Mwanzoni mwa ujauzito, kwa masikio ya msikilizaji, ni pale anapojua kwamba ni mjamzito. Kauli inayofaa ni kabla ya mimba kutunga.

Mfano mwingine unatoka Botswana. Huko watafiti wamekuwa wakiwachunguza watoto wanaozaliwa tangu mwaka wa 2014. Mwezi wa Mei 2018 ilitangazwa kwamba kati ya watoto 426 wa wanawake waliokuwa wakimeza dolutegravir, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, tangu kabla ya mimba kutunga, wanne walikuwa na kasoro ya mrija wa neva; hiyo ni karibu asilimia moja, ilhali kiwango kwa wengine kilikuwa takriban asilimia 0.1. Nchi kadhaa, Kenya zikiwemo, zikawawekea mipaka wanawake wa umri wa kuzaa, na wanawake wanaoishi na virusi walilalamika kwamba wananyimwa dawa bora. Kufikia 2019 hesabu ilikuwa watano kati ya 1,683, yaani asilimia 0.3. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hiyo kwa wote mwezi wa Julai mwaka huo, na takwimu zilizofuata hazikuonyesha tena tofauti.

Katika mjadala huo wote kiini kilikuwa siku ya kuanza dawa. Aliyeianza akiwa tayari na mimba ya miezi mitatu hakuhusika na hofu ile, kwa sababu mrija wa neva wa mtoto wake ulikuwa umekwisha kuziba. Mhudumu aliyeeleza kwamba dawa ni ya hatari kwa wajawazito alikuwa amesema jambo tofauti kabisa na lile lililoshukiwa: wajawazito wengi walioketi mbele yake walikuwa wamepita hatari hiyo, na waliokuwa karibu nayo walikuwa wale wasiokuwa wajawazito bado.

Kutoka kiinitete hadi kijusi

Majuma manne yanayofuata yanaweza kupitwa haraka. Vichipukizi vya mikono hutokea mwishoni mwa juma la nne, vya miguu vikafuata. Vidole huanza vikiwa vimeshikana, kisha ngozi iliyo baina yake ikatoweka. Mwishoni mwa juma la nane kiinitete kina urefu wa takriban sentimita tatu na viungo vyote vikuu vimekwisha kuanza. Tangu juma la tisa huitwa kijusi, na kazi kubwa iliyobaki ni kukua na kukomaa. Magazeti huandika kijusi kwa kila umri, tangu forosadi hadi mtoto wa miezi minane, na wanafunzi wa tafsiri huiga. Ni kosa linalorekebishika kwa urahisi, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika kamusi.

Lililo gumu zaidi ni hesabu. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa katika kliniki za Kenya kina nafasi ya tarehe ya hedhi ya mwisho na nafasi ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Siku ambayo mimba ilitunga haina nafasi humo, na kwa mimba nyingi hakuna anayeijua. Muuguzi anapomwambia mama kwamba mimba yake ina wiki sita, mama aliyeanza kuhesabu siku hedhi ilipokosekana hupata mbili, na kiinitete chenyewe kina nne.